Kitu au fanksheni? Nadharia mbili zinazotawala lugha za tarakilishi

KATI ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita wa saratani nchini Marekani na Canada walipigwa na miale mikali kupita kiasi walipokuwa wakitibiwa kwa mashine iliyoitwa Therac-25. Baadhi yao walifariki kutokana na majeraha hayo.

Wachunguzi waliofuatilia maafa hayo walibaini kwamba mojawapo ya visababishi vikuu haikuwa chuma wala nyaya, bali maandishi ya programu iliyoiendesha mashine. Sehemu mbili za programu hiyo zilikuwa zikitumia pamoja nafasi zilezile za kumbukumbu, moja ikipokea maagizo ya mhudumu na nyingine ikitayarisha mashine. Mhudumu alipofanya masahihisho kwa haraka, katika muda wa sekunde nane hivi, sehemu moja iliyaona masahihisho hayo ilhali nyingine haikuyaona. Isitoshe, vizuizi vya kimitambo vilivyokuwapo katika mashine za awali vilikuwa vimeondolewa, programu ikaachiwa sehemu kubwa ya jukumu la usalama.

Mkasa huo hutajwa katika madarasa ya sayansi ya tarakilishi hadi leo, kwani unazua swali ambalo ni la lugha kama lilivyo la uhandisi. Je, yawezekana kubuni lugha ya kuandikia programu ambayo humzuia mwandishi kutenda kosa la aina hiyo, au angaa hulianika mapema kabla halijamdhuru mtu?

Majibu mawili makubwa yametolewa, na kila moja limezaa kambi yake. Kambi ya kwanza hushauri kwamba kila kinachobadilika kiwe na mwenyewe, na asiyehusika asikiguse. Hii ndiyo kambi ya lugha za vitu. Kambi ya pili husema dawa ni kutobadilisha chochote kabisa. Hii ndiyo kambi ya lugha za fanksheni. Mvutano wa kambi hizi umedumu kwa miongo mingi, na mizizi yake ni mirefu kuliko tarakilishi zenyewe.

Swali la Hilbert

Mwaka wa 1928, mwanahisabati Mjerumani David Hilbert aliuliza iwapo kuna utaratibu mmoja, wa hatua baada ya hatua, unaoweza kuamua kwa kila kauli ya kimantiki kama inathibitika au la. Mwaka wa 1936, wataalamu wawili walijibu, kila mmoja kwa njia yake, kwamba utaratibu huo haupo. Mmoja alikuwa Alonzo Church wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mwingine alikuwa Alan Turing, kijana Mwingereza wa Chuo Kikuu cha Cambridge.

Ili kukanusha kuwapo kwa utaratibu wa namna hiyo, iliwabidi kwanza wafafanue utaratibu ni nini. Hapo ndipo njia zao zilipoachana.

Turing alifikiria mashine yenye ukanda mrefu uliogawanywa katika vyumba vidogo. Mashine husoma alama iliyomo chumbani, huifuta na kuandika nyingine, kisha husonga kushoto au kulia. Kazi yake yote ni kubadilisha hali ya ukanda, hatua kwa hatua, hadi jibu lipatikane.

Church hakuhitaji ukanda wala kifutio. Alikuwa na mfumo alioubuni mapema katika miaka ya 1930, unaojulikana kwa jina la herufi ya Kigiriki, lambda. Ndani yake mna mambo matatu tu: majina, njia ya kuunda fanksheni, na njia ya kuipa fanksheni hoja ya kufanyia kazi. Fanksheni ni kanuni inayopokea kitu na kutoa jibu. Kwa mfano, kanuni isemayo "chukua nambari, izidishe kwa mbili, kisha uongeze tatu" ni fanksheni. Ukiipa 5, unaliondoa neno "nambari" na kuweka 5 mahali pake, nawe unapata 13. Hakuna kilichofutwa. Tano imebaki tano, na kanuni imebaki ilivyokuwa.

Turing alithibitisha kwamba mifumo hiyo miwili ina uwezo sawa. Lolote linaloweza kukokotolewa kwa mmoja laweza kukokotolewa kwa mwingine. Baadaye alivuka bahari hadi Princeton, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1938 chini ya usimamizi wa Church huyohuyo.

Tarakilishi zilizojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zilifuata sura iliyo karibu na ile ya Turing, yaani kumbukumbu yenye vyumba vinavyofutwa na kuandikwa upya. Lugha ya FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka wa 1957 chini ya uongozi wa John Backus, ilikuwa namna ya kuiamrisha mashine hiyo kwa maneno yaliyokaribia hisabati. Lakini mwaka uliofuata, John McCarthy wa taasisi ya MIT alianza kuunda Lisp, lugha iliyoazima alama ya lambda kutoka kwa Church. Katika miaka ya 1960, Mwingereza Peter Landin naye alionyesha kwamba lugha nyingi za programu zaweza kuelezwa kama hesabu ileile ya lambda iliyovishwa mavazi tofauti.

Pigo kubwa kwa mtindo wa kufuta na kuandika upya lilitoka mahali pasipotarajiwa. Backus alipopokea tuzo ya Turing mwaka wa 1977, aliitumia hotuba yake kuukosoa mtindo ambao FORTRAN yake ilikuwa imeueneza. Alihimiza programu zijengwe kwa kuunganisha fanksheni.

Salio la Sh1,000

Msomaji aweza kuuliza, kuna hatari gani katika kufuta na kuandika upya? Tuchukue mfano wa akaunti ya pamoja yenye Sh1,000. Mume yuko Kisumu na mke yuko Nakuru, na wote wawili wanaomba kutoa Sh800 wakati mmoja. Ombi la kwanza linasoma salio na kukuta Sh1,000, kiasi kinachotosha. Kabla halijaandika salio jipya, ombi la pili nalo linasoma Sh1,000 zilezile. Kila ombi linatoa Sh800, kisha linaandika kwamba zimebaki Sh200. Akaunti iliyokuwa na Sh1,000 sasa imetoa Sh1,600, na bado inaonyesha kwamba ina akiba.

Ukikagua kila ombi peke yake, hutaona kosa. Kosa limo katika mpishano wao. Hilo ndilo linaloyafanya makosa ya jamii hii kuwa magumu kunasa. Huweza kujificha katika majaribio elfu moja, kisha yakajitokeza siku mhudumu mmoja anapopiga vibonye kwa kasi kuliko wenzake, kama ilivyokuwa kwa Therac-25.

Mfuasi wa fanksheni huandika kama karani makini wa vitabu vya hesabu. Karani huyo hafuti mstari. Akikosea, huongeza mstari wa kusahihisha. Salio kwake si chumba kinachofutwa, bali ni jibu la fanksheni inayopitia mistari yote iliyoandikwa hadi wakati fulani. Salio la saa nne halibadiliki milele, na salio la saa tano ni salio jingine.

Hata hivyo, haifai kutia chumvi. Mistari ingali lazima ifuatane, na pana haja ya mlango mmoja wa kuingizia mstari mpya ili maombi mawili yasijipenyeze kwa pamoja. Faida ni kwamba hatari imekusanywa mlangoni, mahali pamoja panapoonekana na kulindwa. Kwingineko kote mkaguzi ana hakika kwamba fanksheni ikipewa kitu kilekile itatoa jibu lilelile, iwe leo au kesho, iwe peke yake au kati ya nyingine elfu.

Meli za Oslo

Kambi ya vitu ilizaliwa kutokana na haja tofauti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walikuwa watafiti katika Kituo cha Tarakilishi cha Norway, jijini Oslo. Walitaka kuiga ndani ya mashine shughuli zenye foleni na mwingiliano mwingi, kama vile wateja wanaosubiri huduma au meli zinazoingia na kutoka bandarini.

Yeyote aliyepata kuona meli zikisubiri zamu nje ya bandari ya Mombasa ataelewa ugumu wake. Kila meli ina shehena yake, saa yake ya kufika na mahitaji yake ya kupakuliwa, nazo zote zinaendelea na shughuli kwa wakati mmoja. Kuandika orodha moja ndefu ya amri zinazohusu meli zote ni kujitakia fujo.

Wawili hao waliamua kwamba maelezo ya meli na matendo ya meli yakae pamoja. Lugha yao, Simula 67, ilileta dhana ya kundi, yaani kielelezo kinachoeleza meli yoyote ile, na dhana ya kitu, yaani meli mahususi iliyoundwa kwa kielelezo hicho. Aidha, ilileta urithi. Meli ya mafuta ni meli. Kwa hivyo hurithi yote yaliyoandikwa kuhusu meli, kisha ikaongeza yaliyo yake. Nygaard na Dahl walitunukiwa tuzo ya Turing ya mwaka wa 2001, na wote wawili wakaaga dunia mwaka wa 2002.

Katika miaka ya 1970, Alan Kay na wenzake, wakiwemo Dan Ingalls na Adele Goldberg, waliipeleka fikra hiyo mbali zaidi katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, California. Lugha yao iliitwa Smalltalk. Kay, ambaye alikuwa amesomea hisabati na biolojia ya molekuli, aliiona programu kama mwili wenye seli nyingi. Seli moja haiingii ndani ya nyingine na kupangua yaliyomo, bali huitumia ishara. Kwake yeye, ujumbe unaopita kati ya vitu ulikuwa muhimu kuliko vitu vyenyewe.

Ni desturi tunayoijua madukani. Mteja haruki kaunta akafungue droo ya pesa na kujirudishia chenji. Humwomba mwenye duka, naye mwenye duka ndiye ajuaye pesa zimewekwa wapi na kwa mpango gani. Kesho akiamua kuhamisha droo, mteja hahitaji kuarifiwa. Programu yenye mistari milioni moja, iliyoandikwa na watu mia moja, haiwezi kudumu bila adabu ya namna hiyo.

Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark aliyekuwa ameitumia Simula alipokuwa mwanafunzi wa uzamifu mjini Cambridge, alianza mwaka wa 1979 kuiongezea lugha ya C makundi ya namna hiyo katika maabara za Bell. Matokeo yake yakawa C++. Mwaka wa 1995, kampuni ya Sun Microsystems ikatoa Java. Kufikia mwisho wa karne ya 20, katika vyuo vingi kusomea programu kulimaanisha kusomea vitu.

Udhaifu uliobaki ni kwamba kuficha droo si kuiondoa. Wateja wawili wakimwendea mwenye duka kwa pamoja, naye akawasikiliza wote bila zamu, yaliyoipata akaunti ya Sh1,000 yatampata yeye pia.

Ngeli za tarakilishi

Kambi zote mbili zinahitaji mwamuzi, na mwamuzi huyo huitwa aina. Mzungumzaji wa Kiswahili hana budi kuielewa dhana hii upesi kuliko wengi, kwa sababu ameizoea tangu utotoni katika umbo la ngeli.

Mtu akisema "kitabu ameanguka", sikio hukataa papo hapo. Huhitaji kwenda kuchungulia chini ya meza kuona kama kitabu kimeanguka kweli. Umelinasa kosa kwa kutazama umbo la sentensi tu. Lugha zenye ukaguzi wa aina hufanya vivyo hivyo. Programu inayotafsiri maandishi ya mtaalamu kwenda lugha ya mashine huyapitia yote kabla hatua hata moja haijatekelezwa, nayo ikikuta mahali ambapo jina la mtu linazidishwa kwa tarehe, hugoma. Ni kazi ya mhariri katika chumba cha habari. Kosa linalonaswa mezani halimfikii msomaji.

Lakini sarufi ina mipaka yake. "Kitabu kimekula ugali" ni sentensi iliyopatana barabara, ila ni upuzi. Vilevile, programu yaweza kuupita ukaguzi wa aina na bado ikatoa jibu la uongo. Jitihada ya wabunifu wa lugha kwa miaka mingi imekuwa kupanua sarufi ili inase upuzi mwingi zaidi bila kumfunga mwandishi mikono.

Dhana ya aina ilianzia katika mantiki. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mwingereza Bertrand Russell aliitumia kuepuka mikanganyiko iliyokuwa ikiutikisa msingi wa hisabati. Mwaka wa 1940, Church aliiingiza katika mfumo wake wa lambda. Katika miaka ya 1970, Robin Milner wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake waliunda lugha ya ML, na mwaka wa 1978 Milner alichapisha nadharia ya jinsi mashine inavyoweza kujibainishia aina bila kuambiwa. Roger Hindley alikuwa amefikia matokeo yanayofanana na hayo katika mantiki mwaka wa 1969.

Hilo nalo si geni kwetu. Ukisikia neno "vimeanguka" peke yake, tayari unajua kwamba vilivyoanguka ni vingi na ni vya ngeli ya KI-VI, hata kama hakuna aliyevitaja. Mashine ya Milner husoma viambishi vya programu kwa namna hiyohiyo.

Uvumbuzi wa ajabu zaidi ni ule unaohusishwa na Wamarekani Haskell Curry na William Howard. Waliona kwamba aina ni sawa na kauli ya kimantiki, na kwamba programu yenye aina hiyo ni sawa na uthibitisho wa kauli hiyo. Kwa maneno mengine, anayeandika programu inayokubaliwa na mkaguzi wa aina amethibitisha jambo, hata kama hajui. Lugha ya fanksheni iitwayo Haskell, ambayo ripoti yake ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1990, ilipewa jina kwa heshima ya Curry.

Kapu la maembe

Kwa lugha za vitu, aina zilileta kitendawili. Ikiwa embe ni tunda, je, kapu la maembe ni kapu la matunda?

Wengi watajibu ndiyo. Anayetaka kula tunda lolote anaweza kupewa kapu la maembe, achague, na asilalamike. Lakini tuseme mtu ameambiwa kwamba hilo ni kapu la matunda, naye akatia chungwa ndani yake. Kwa haki yake hajakosea, kwani chungwa ni tunda. Mwenye kapu akirudi na kupenyeza mkono akitarajia embe, atatoa chungwa.

Jibu sahihi basi hutegemea swali jingine: je, kapu laweza kubadilishwa? Kapu la kutazamwa na kuchaguliwa tu, lisilotiwa kitu kipya, laweza kuitwa kapu la matunda bila hatari. Likiruhusiwa kutiwa, haliwezi. Hapa kambi mbili zinakutana ana kwa ana, kwa kuwa ruhusa ya kubadilisha, ambayo kambi ya fanksheni iliikataa kwa sababu nyingine kabisa, ndiyo hiyo hiyo inayovuruga ukoo wa vitu.

Java ilipotoka mwaka wa 1995 iliruhusu safu ya maembe ipitishwe kama safu ya matunda. Anayetia chungwa hunaswa, ila hunaswa programu ikiwa tayari inaendeshwa, pengine mbele ya mteja. Mfumo wa aina ulioongezwa mwaka wa 2004 uliziba mwanya huo kwa makapu ya namna mpya, lakini safu za awali zimebaki na tabia yao.

Kwa mashine zinazopokea, mambo hugeuka. Mashine ya kukamua tunda lolote yaweza kushika nafasi ya mashine ya kukamua maembe, kwa sababu embe halitaishinda. Mashine ya maembe pekee haiwezi kushika nafasi ya ile ya matunda yote. Kinachotoa hufuata mwelekeo wa ukoo. Kinachopokea huufuata kinyume. Kanuni hii huwatatiza wanafunzi wengi wanapoikariri, ilhali ukiifikiria kwa matunda inajieleza.

Barbara Liskov wa MIT aliutoa msingi wa yote haya katika hotuba ya mwaka wa 1987, kisha akaufafanua pamoja na Jeannette Wing mwaka wa 1994. Kitu kinastahili kuitwa cha aina fulani iwapo kinatimiza kila ahadi ya aina hiyo, si kwa sababu kimebandikwa jina. Kiswahili kina hekima hiyo. Neno "kifaru" lina sura ya KI-VI, lakini husemwa "kifaru amekimbia", kwa sababu kinachohesabiwa ni uhai wake na wala si kiambishi chake. Liskov alipewa tuzo ya Turing ya mwaka wa 2008.

Jedwali lisilokwepeka

Ni kambi ipi bora? Mfano ufuatao unaonyesha kwa nini swali hilo halina jibu moja.

Tuseme serikali ya kaunti inataka programu ya kushughulikia magari. Kuna matatu, lori na pikipiki. Kwa kila moja pana shughuli tatu: kukadiria ada, kukagua bima na kuchapisha leseni. Chora jedwali lenye magari upande wa kushoto na shughuli upande wa juu. Utapata visanduku tisa, na kila kisanduku lazima kiandikiwe msimbo wake.

Mwandishi wa vitu hulikata jedwali kwa mistari ya ulalo. Ukurasa wa matatu una ada, bima na leseni ya matatu. Kesho tuktuk zikiruhusiwa, ataongeza ukurasa mmoja mpya bila kugusa zilizopo. Lakini kaunti ikidai shughuli ya nne, tuseme ukaguzi wa moshi, itambidi afungue kila ukurasa na kuuongezea.

Mwandishi wa fanksheni hulikata jedwali hilohilo kwa safu za wima. Fanksheni ya ada inajua ada za magari yote. Ukaguzi wa moshi ukija, ataandika fanksheni moja mpya na kulala salama. Tuktuk ikija, itabidi afungue kila fanksheni.

Mmarekani John Reynolds aliitambua tofauti hii mwaka wa 1975, naye William Cook akaifafanua kwa kina baadaye. Mwaka wa 1998, Philip Wadler aliipa jina na kuwapa wabunifu wa lugha changamoto: buni lugha inayoruhusu kuongeza mistari na safu, bila kubadilisha msimbo wa zamani na bila kupoteza ukaguzi wa aina. Mbinu kadhaa zimependekezwa tangu hapo, na kila moja ina gharama yake. Anayechagua lugha, kwa hivyo, anapaswa kwanza kujiuliza ni nini kitakachoongezeka kesho, aina za magari au aina za shughuli.

Kambi zasogeleana

Tangu katikati ya miaka ya 2000, kasi ya saa za prosesa iliacha kupanda kama zamani, na watengenezaji wakaanza kuweka prosesa kadhaa ndani ya kipande kimoja. Programu nyingi zikalazimika kufanya mambo mengi kwa pamoja, na makosa ya mpishano yakawa tishio la kila siku. Ghafla ushauri wa kutobadilisha ukapata wasikilizaji wapya.

Scala, iliyobuniwa na Martin Odersky nchini Uswisi na kutolewa kwa umma mwanzoni mwa mwaka wa 2004, iliunganisha vitu na fanksheni ndani ya lugha moja. C# ya kampuni ya Microsoft ilipata lambda mwaka wa 2007. Java yenyewe, ngome ya vitu, iliongezewa lambda mwaka wa 2014, miaka 78 baada ya Church kumjibu Hilbert.

Mfano unaomgusa msomaji wa hapa nchini ni Erlang. Lugha hii iliundwa na Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi kuanzia mwaka wa 1986, kwa ajili ya mitambo ya simu. Ni lugha ya fanksheni, lakini programu yake hugawanywa katika michakato midogo isiyoshiriki kumbukumbu hata kidogo. Hutumiana ujumbe, na mmoja ukifa wengine huendelea. Bila shaka msomaji amekwisha kuona kwamba hayo yanakaribia sana seli za Alan Kay. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka wa 2009, ilizijenga seva zake kwa Erlang.

Jambo hili lina uzito kwa vijana wanaojiunga na vyuo vyetu kusomea taaluma hii. Lugha inayotafutwa na waajiri leo huenda isitafutwe miaka kumi ijayo, na anayeijua hiyo tu atalazimika kuanza upya. Anayeelewa kwa nini kapu la maembe si kapu la matunda ataisoma lugha yoyote mpya kwa wiki chache, kwani atajua maswali ya kuiuliza: nani anaruhusiwa kubadilisha nini, mkaguzi wa aina anaahidi nini, na jedwali limekatwa upande gani.

Aidha, siku hizi programu za akili unde huandika msimbo mwingi kwa dakika chache. Kuandika kumekuwa rahisi; kuhakikisha kwamba kilichoandikwa hakitamchoma mgonjwa wala kumwibia mwenye akaunti hakujawa rahisi. Mashine ikishakabidhi kurasa elfu moja za msimbo, ni lazima pawe na mtu anayeweza kuziangalia na kusema ni wapi pana chumba cha kumbukumbu kinachoguswa na mikono miwili.